Kidole cha Apollinaire

Shefu mpya, tuliyeletewa na vita, alitupa picha ya mpwa wake mezani pangu, katika ofisi ninakotunza fishi, kadi za wafanyakazi.

"Maman, bandua foto ya Apollinaire kwenye fishi, ubandike hii. Mupwa wangu ataanza kazi na jina ya Apollinaire."

Apollinaire, mlinzi wetu, aliuawa mlangoni akiwazuia askari wasichome fishi za wafanyakazi wa serikali. Chini ya picha yake palikuwa na alama ya kidole gumba, nyeusi, yenye kovu katikati.

Niliigusa ile alama. "Na hii kidole, shefu? Tulishaizika naye kwa makaburi ya Nyalukemba."

"Tia yako juu. Nani atajua?"

Nilimsukumia kidau cha wino.

"Tia ya kwako, shefu. Mimi nitaandika pembeni iko ya nani."