Hodi ya Tatu

Mkanga alisimama nje ya lango la mawe makubwa la hekalu la watu wa kale wasiojulikana hata jina. Desturi ya pale ilikuwa moja: aliyetangulia ndani ndiye humkaribisha mwenzake, na hodi tatu zisipoitikiwa kwa 'karibu', wawili hao hawarudi nyumba moja. Mkewe, Mwanaheri, alikuwa ametangulia.

"Hodi!"

Akalisogelea lango.

"Hodi, mama Rehani! Mawe haya yamesimama tangu enzi na enzi. Mimi kidogo tu, magoti yanaomba talaka!"

"Kwani nayo umeyaolea mke mwenza kwa siri?" sauti ya Mwanaheri ikauliza toka ndani.

Mkanga akaumeza mzaha uliobaki.

"Hodi," akasema taratibu.

Bangili za arusi zikalia kule gizani. Hakujua zinakuja au zinavuliwa.