Daktari wa Boma la Kaluki

"Sogeza yule mwekundu karibu na mlango, mzee Dirie. Na yule mwenye nundu. Huyu mtu aone nundu kwanza!"

Kaluki, mjane mwenye mbuzi wawili, alikuwa akipanga ng'ombe wasio wake bomani kwake kama mtu anayepanga viti vya harambee. Mzee Dirie alikuwa akiwapeleka mnadani, na kila akipita Kyuso aliwapumzisha hapo. Leo aliombwa jambo moja tu: akae pembeni kama mgeni, ng'ombe waonekane ni wa Kaluki.

Maana mwaka huo wa themanini na saba Bwana Mutie alikuwa akizunguka. Alitumwa na chuo kikuu cha ng'ambo kutafuta watoto wenye akili. Kule Nuu akili alizipata kwa mwenye duka, kwa kijana wake aliyerudia darasa mpaka dawati likamzoea. Binti wa pasta, namba wani, aliambiwa ajaribu mwaka ujao. Na Mutindi, binti wa Kaluki, alikuwa namba wani pia.

Bwana Mutie akashuka garini, tai imemkaba, ananusa huku na huku kama fisi aliyesikia kuna sherehe. Mutindi akamnyooshea cheti.

"Weka, msichana. Chuo chetu hakijali alama. Hakijali umri, wala hata lugha. Sisi tunatazama mtu."

Alikuwa akitazama nundu.

Akazunguka boma polepole. Akampapasa yule mwekundu mgongoni. Kisha akachuchumaa kando ya mzee Dirie, wakanong'onezana mpaka chai ikapoa, mzee akiwaonyesha ng'ombe mmoja mmoja kwa fimbo. Anamsifia mtoto wangu, Kaluki akawaza, akamwombea mzee wa watu maisha marefu.

Bwana Mutie aliporudi, meno yote yalikuwa nje.

"Mama, boma hili lina daktari! Nafasi ni yake. Septemba anapanda ndege."

Kaluki akapiga vigelegele mpaka kuku wakaruka. Mutindi akafuta machozi, akanyoosha mkono apongezwe.

Bwana Mutie akampita. Akaenda akamwinua mzee Dirie kwa mikono miwili, taratibu, kwa sababu ya magoti.

"Hongera, Daktari!"

Mzee Dirie, babu wa wajukuu kumi na mmoja, ambaye hakuwahi kushika kalamu, akamtazama juu chini.

"Na huko darasani," akauliza, "nyasi ziko?"