Upande Mzuri wa Tunu

Kapteni Mbaruku alimshika mkewe, Tunu, kidevu, akamgeuza kwa nguvu.

"Chonga upande huu, fundi. Mama yake amesikia maneno ya watu. Akiiona picha atatulia."

Kazi ya Fundi Dihenga ilikuwa kuchonga nyuso kwenye vibamba vya shaba vidogo kama kiganja, kila uso upande mmoja tu, kisha kuzichapa kwenye karatasi. Shavu la kushoto la Tunu lilikuwa laini. La kulia lilikuwa limevimba, jicho limeziba, na ndewe ya sikio ilikuwa imechanika pale hereni ilipong'olewa.

Tunu alijua kwamba mama yake akitulizwa na picha nzuri, kaka zake hawatakuja kumchukua. Akageuka, akampa fundi shavu la kulia.

"Nichonge nilivyo, baba. Waone."

Ngumi ya Kapteni ikatua kwenye shavu la kushoto. Tunu akaanguka pamoja na kiti.

"Jeuri wewe! Haya, sema tena!"

 Tunu alishika ukingo wa meza, akainuka, akakisimamisha kiti, akakaa. Akatema jino sakafuni. Shavu la kushoto nalo lilikuwa linaumuka, na damu ikimchuruzika hadi shingoni.

Fundi akachukua kalamu yake ya chuma.

"Sasa, Kapteni," aliuliza, "nichonge upande gani?"

 Kapteni akaanza kukizunguka kiti polepole, ngumi bado ameikunja, akiutafuta upande mzuri.