Eliza Hamwamkii Mama

"Shusha kifua! Hiyo pushapu, au unatafuta sindano?"

Kristian alikuwa amemkalia bintiye mgongoni, ukungu bado umelalia matuta ya kabichi. Eliza alishuka, akainuka, mbavu zikimchoma. Hapo mbavuni ndipo mama yake alipokuwa amempiga teke.

Naam, mama mzazi. Alimpiga Tanga mjini, mbele ya kadamnasi, mpaka akaanguka chali. Na watu, Mungu awasamehe, wakashangilia! Baba alikuwepo, hakuinua hata kidole. Siku hiyo ilikuwa ya mchujo wa kwanza wa timu ya karate ya mkoa, na nafasi ya wanawake ilikuwa moja tu. Eliza alirudi Lushoto mikono mitupu, akiuma pindo la kanga asisikike akilia ndani ya basi.

Tangu hapo hakumwamkia tena. Huku milimani, mtoto akimpita mzazi bila shikamoo, majirani huuliza nani kamroga. Eliza alipita. Mama alipopandisha mlima na tenga la viazi kichwani, pumzi zimetulia utadhani katoka kuketi, Eliza aligeukia ukuta.

"Mwombe radhi mama yako," baba alimwambia. "Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu."

"Ndiyo anifunze kwa mateke, baba?"

"Kwa kile anachokijua."

Jibu hilo lilimpandisha mori. Akaimalizia hasira yake kwenye boriti ya jikoni, akijivuta mpaka kidevu kikavuka mti ule uliolainishwa na mikono tangu yeye hajazaliwa. Akachuchumaa na kuinuka kwenye kingo za shamba, mapaja yakamtetemeka. Mchujo wa mwisho, uliowarudisha hata walioshindwa ule wa kwanza, ulikuwa Jumamosi, palepale Lushoto. Safari hii asingekubali kukoseshwa nafasi yake, na mama ajue hivyo.

Baba alimsimamia asubuhi tu. Jioni alikuwa wa mama; waliteremka pamoja bondeni hata siku ambazo hakukuwa na cha kupalilia. Hilo nalo lilimuudhi Eliza. Mwanamume mzima anashindwa kuchagua upande!

Jumamosi alinyakua gauni la mama kwenye kamba, akalivaa bila kuomba. Lilimkaa sawasawa. Walikuwa na mwili mmoja, na hata hilo lilimkera.

"Mama yuko wapi?" aliuliza, kwa ukali kuliko alivyokusudia.

"Ametangulia ukumbini."

"Vizuri. Aje aone. Leo sipigwi na mtu."

Baba alifunga begi la Eliza. Akalibeba, wakateremka barabarani.

Ukumbi ulikuwa umejaa mpaka madirishani. Eliza alibadilisha nguo, akajinyoosha, akasubiri. Mwamuzi alipoita jina lake, alipanda mkekani ngumi amezikunja. Mpinzani wake alikuwa ameinama, anakaza mkanda wake mweusi. Eliza alimtazama mikono, akakumbuka kila asubuhi aliyotoka jasho kwa ajili ya dakika hii. Hasira ilikuwepo yote, haikupungua hata chembe. Lakini mpinzani alipoinua uso, neno alilolibana siku zote hizo likamponyoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Linda mbavu."