Hewa Kwenye Dizeli

Alhamisi, tarehe 14 Agosti 2025. Asubuhi ya ukungu tena, ya tatu mfululizo, na Ocira aliilaani kama alivyozilaani nyingine.

"Piga!" aliamuru.

Okinyi akazungusha ufunguo. Injini ya pikapu ikakohoa, ikashika, ikatetemeka kama mgonjwa wa malaria, ikazima.

"Bure kabisa," alisema Ocira, akatema mate.

Ocira alikuwa dereva wa malori ya jeshi tangu ujana wake hadi alipostaafu na kujenga hapa Kasubi. Aliwadharau raia karibu wote. Aliwadharau waendesha boda, ambao siku hizi waliibuka mbele yake kama panya. Alimdharau mama wa chapati aliyeweka meza yake barabarani, ikagongwa, kisha akathubutu kulia. Lakini hakuna raia aliyemdharau kama Okinyi, huyu fundi Mkenya.

Fundi alibadilisha filta, akaosha tangi, na bado injini ilikosa dizeli. Siku ilipokubali kuwaka, gia iliingia lakini gari likasimama palepale, au likasogea huku likigonga chini kama mtu anayetwanga mtama. Leo hiki, kesho kile. Fundi gani huyo?

Na Jumamosi Filda, binti yake wa pekee, alikuwa anafunga ndoa katika kanisa kuu la Lubaga. Wakwe walipoleta habari za kukodi gari jeupe la maua, Ocira aliwajibu mara moja tu: binti yake atapelekwa kanisani na baba yake, kwa gari la baba yake, au harusi isubiri.

"Afande, tusukume gari kidogo kivulini?" Okinyi aliuliza.

"Kivuli cha nini katika ukungu huu? Mvivu hakosi sababu."

Okinyi akafungua boneti.

Ocira akapitisha vidole kwenye bomba la dizeli, taratibu, kutoka kwenye pampu hadi kwenye filta. Akasimama. "Hapa. Limelegea, linavuta hewa. Injini yako inakunywa hewa badala ya dizeli. Na jana nililikaza mwenyewe!"

"Labda ni mtikisiko, Afande."

"Mtikisiko wa wapi, na gari halijatoka getini? Lala chini. Zungusha propela, chuma kirefu cha kwenda magurudumu ya nyuma."

Okinyi akaingia uvunguni, akaizungusha. Ko. Ko.

"Acha! Krosi ya nyuma, kwenye kiungo cha propela. Bolti zake zinacheza. Mimi naisikia nikiwa nimesimama, wewe umeilalia na huioni. Kwenu ulikuwa unatengeneza nini? Vigari vya watoto?"

Wamama wa jumuiya, waliokuja kusali na kupepeta mchele wa harusi, wakacheka kidogo. Lanyero, mkewe Ocira, hakucheka.

"Baba Filda, mwache mtoto wa watu."

"Nimwache? Mungu alinipa wajinga wengi wa kuvumilia, lakini huyu alimtuma kwa makusudi."

Filda akaja na chai, akaiweka kikombe kwa kikombe mikononi mwa wanaume hao wawili. Cha baba yake alikishikilia mpaka vidole vyake vilipofunga vizuri.

"Baba, kweli tukikosa gari hili, twende na la kukodi."

"Na wewe pia? Mwanajeshi habebwi kama gunia kwenye harusi ya mwanawe."

Akaomba spana. Alilala mwenyewe chini ya pikapu, mzee wa mvi, akakaza bolti za propela moja baada ya nyingine. Akatoka, akakaza bomba, akatoa hewa kwenye pampu mpaka dizeli safi ikamlowesha kiganja.

"Piga!"

Injini ikashika. Ikanguruma, ikatulia, ikaimba. Wamama wakapiga vigelegele. Ocira aliweka kiganja juu ya boneti, akainamisha kichwa, akamshukuru Mungu kimoyomoyo. Kisha akamgeukia fundi.

"Umesikia? Hivyo ndivyo gari la mtu mzima linavyoongea. Zima. Kusanya vyuma vyako uende, na usiseme kwa mtu kwamba uliwahi kuligusa."

Akaingia ndani kunawa na kujaribu suti yake. Dirisha la chumba lilikuwa wazi. Alisikia wamama wakisali, wakasema amina, kisha kimya. Akiwa na mkono mmoja ndani ya koti, akasikia sauti aliyoifahamu kuliko sauti ya mkewe: spana juu ya bolti. Haikuwa ikikaza. Ilikuwa ikilegeza.

Damu ikampanda. Kumbe si mjinga, ni adui! Akapapasa ukuta mpaka dirishani, akafungua kinywa amwite mwizi, na sauti nyingine ikamtangulia.

"Usisahau la dizeli," alisema Filda. "Jana ulililegeza kidogo mno, karibu Baba aondoke nalo."

Ocira alishika nondo za dirisha. Nje, Lanyero alikuwa analia taratibu.

"Anakutukana kila siku, Okinyi mwanangu. Nani angekulaumu ukichoka? Na bado hataki daktari, anasema ni ukungu tu."

Spana ikawekwa chini.

"Mama Filda, na nyinyi wamama mnisikie," Okinyi alisema kwa sauti. "Atakachokaza yeye, mimi nitakilegeza. Anitukane atakavyo. Jumamosi nitamshika mkono mpaka mbele ya altare, nimhesabie ngazi moja moja, lakini mzee wetu asiyeona hatashika usukani huu na Filda ndani. Naahidi mbele yenu wote."