Kofia ya Kwendea Kaburini

"Shangazi Opal, bila kofia ya mgodi hupandi," akaniambia mlinzi wa geti la mgodi, mtoto niliyemwogesha mwenyewe.

Kusafisha kaburi la mume wangu, hapa hapa West Virginia alipozaliwa, mpaka nivae kofia! Nikaivaa. Akanisindikiza.

Huko juu mlima haupo tena. Wameukata wote kwa ajili ya makaa ya mawe, wakabakiza kichuguu chenye makaburi yetu. Jiwe lake lilijaa vumbi. Nikalitemea mate, nikalisugua kwa aproni mpaka jina likaonekana.

King'ora kikalia.

"Tushuke, shangazi, wanataka kulipua mwamba. Mtu akiwa huku hawaruhusiwi."

"Hawaruhusiwi kabisa?"

"Kabisa."

Nikavua kofia, nikalivika jiwe, nikaketi.

"Kawaambie bado nasafisha."