Kidole Ndani ya Bomba

Kwenye ghala la forodha mjini Morogoro, Felista, mkaguzi wa mizigo, aliingiza kidole cha mwisho ndani ya bomba la chuma, akapapasa.

Hati zilisema ni vipuri vya mashine ya kukereza vyuma. Mwenye mzigo alikuwa baba yake mdogo, aliyemlea tangu majangili walipompiga risasi baba yake, askari wa wanyamapori, kule Kisaki. Asubuhi hiyo Felista alikuwa amemwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba huku akimsaidia kukata kamba za sanduku.

Kipuri cha mashine ile kingekuwa laini ndani. Bomba hili lilikuwa na mifereji myembamba, imejizungusha kama ganda la konokono.

Kidole kiliikumbuka. Utotoni, baba yake aliwahi kumpapasisha ndani ya mtutu wa bunduki isiyo na risasi.

"Hii mifereji ndiyo inayoizungusha risasi, mama," alimwambia. "Ndiyo maana haipotei njia."

Sandukuni yalikuwamo mengine kama hilo, yamepakwa grisi, yamelazwa juu ya maranda ya mbao.

"Andika vipuri, mwanangu," baba mdogo alisema kwa upole. "Hata marehemu kaka yangu angeandika hivyo."

Felista alichomoa kidole, akakifuta grisi taratibu kwenye sketi ya sare yake.

"Kaa, baba mdogo," alisema, akamsogezea kiti kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa nyumbani kwa mzee huyo.

Kisha akamwita askari wa getini.